Asiyekuwepo Chumbani

Mzee Ambilikile Mwandemele alifariki siku ya Jumanne saa mbili asubuhi, katika hospitali ya misheni, na saa tatu na nusu alikuwa kazini.

Binti yake, Atupele, aliliona jambo hilo kwa macho yake. Alikuwa bado ameketi kwenye benchi la wadi, begi la nguo za marehemu mapajani, televisheni ya ukutani ilipoonyesha kikao cha Baraza la Biashara la Mataifa huko Ulaya. Kwenye kiti cha nchi yao aliketi baba yake. Alivaa koti la kijivu ambalo wakati uleule lilikuwa ndani ya begi. Alisafisha koo mara mbili kama alivyozoea, akawasalimu wajumbe wenzake mmoja mmoja, akawauliza hali za watu wa nyumbani kwao, ndipo akafungua makaratasi. Muuguzi aliinuka akazima televisheni, akamwomba Atupele radhi kana kwamba yeye ndiye aliyekosea.

Hivyo ndivyo kutokuwepo kwake kulivyoanza. Watu wengine hufiwa, wakazika, wakaanza kuzoea kidogo kidogo. Atupele alizika siku ya Alhamisi, mvua ikinyesha juu ya migomba, na Ijumaa akamsikia marehemu redioni akizungumzia ushuru wa chai.

Kilichoketi pale Ulaya kiliitwa kivuli. Vikao vya Baraza havikuwa tena vya watu. Nchi kubwa zilikuwa zimepeleka mashine za kujadiliana, nazo zilifanya kazi usiku na mchana katika vyumba mia tatu kwa wakati mmoja, zikipanga kila kitu kuanzia bei ya pamba hadi unene wa ganda la yai. Nchi ndogo, zenye wajumbe watatu na tiketi mbili za ndege, zikawa zinasoma maamuzi magazetini. Ndipo Baraza likaleta kile lilichokiita msaada wa kiufundi. Kila nchi ndogo ichague mjumbe wake hodari, avishwe kofia ya nyaya kwa miezi sita, azungumze na mashine mpaka mashine ijifunze namna anavyofikiri, anavyokasirika, anavyosubiri. Kivuli cha mtu huyo kingeweza kuketi katika vyumba vyote mia tatu kwa pamoja, na kisichoke.

Serikali ilimchagua Mzee Mwandemele, aliyekuwa amejadiliana kwa niaba ya nchi kwa miaka kumi na tisa. Wakati huo alikuwa ameshalala kitandani kwa ugonjwa.

"Nitakufa, lakini sitastaafu," alimwambia Atupele, akacheka mpaka akakohoa.

Familia ilipewa haki mbili. Ya kwanza, hakuna kitakachokatwa wala kuongezwa kwenye kivuli bila alama ya kidole cha mrithi. Ya pili, mrithi ana saa moja kila mwaka ya kuzungumza nacho faragha. Saa hiyo ikiisha, kivuli hufutiwa kumbukumbu ya yaliyosemwa, ili mambo ya nyumbani yasiingie kwenye biashara. Kwa hiyo kila mwaka baba yake alimpokea kana kwamba ndiyo mara ya kwanza kuonana tangu hospitali. Atupele hakuwahi kulalamika. Miezi kumi na miwili ilikuwa na saa moja ndani yake, na saa hiyo ilimtosha kuivuka miezi yote.

*

Mwaka wa nne, kituo cha kukusanyia maziwa nje kidogo ya Tukuyu kilikuwa kinapokea theluthi ya maziwa yaliyoletwa. Atupele ndiye aliyekuwa mpimaji. Kila asubuhi alichota kidogo kutoka kila ndoo, akatumbukiza kipimo, akanusa, akaandika.

"Leo kiwanda kinachukua ngapi?" aliuliza Mama Sekela, mjane mwenye ng'ombe wawili, aliyekuwa wa tano kwenye foleni.

"Lita mia mbili, mama."

"Na tumeleta?"

"Mia sita."

"Basi pima haraka tujue nani anarudi kuogeshea nguruwe."

Wanawake wengine walicheka kicheko kifupi. Kila mmoja alijua sababu. Maziwa ya unga yalikuwa yakiingia bandarini bila ushuru kutoka nchi ambazo serikali huwalipa wafugaji wake, na mfuko mmoja dukani ulikuwa bei rahisi kuliko majani ya kumlisha ng'ombe. Kwenye mfuko palichorwa ng'ombe mnene kama trekta.

"Mzee Mwandemele si tunamwona?" Mama Sekela aliendelea. "Juzi nimemwona kwenye simu ya mjukuu wangu. Koti la kijivu, kiti cha kuzunguka. Mwambie, mwanangu. Mwambie ng'ombe wake mwenyewe, yule Malaika, siku hizi anakamuliwa chini."

"Nilimwambia mwaka jana, mama. Husahau."

"Hata marehemu mume wangu alikuwa anasahau hivyohivyo, na hakuwa mashine."

Safari hii walicheka kweli, hata Atupele. Kisha alilazimika kumrudishia Mama Sekela ndoo yake ikiwa imejaa, na kicheko kikaisha.

Saa nne, foleni ilipokwisha, akaja mgeni aliyevaa viatu visivyojua tope la huko. Aliitwa Hidaya Mchopanga, msichana wa pwani, ofisa wa Wizara ya Biashara. Kazi yake ilikuwa kusoma kumbukumbu za vikao.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Karibu ndani, utaota ukungu hapo nje."

Waliketi kwenye ofisi ndogo iliyonuka maziwa na dawa ya kusafishia. Hidaya alikataa chai, kisha akaona uso wa mwenyeji wake, akaikubali.

"Dada, kwa miaka minne Baraza limepitisha maamuzi arobaini na moja yaliyotuumiza," alisema. "La maziwa ya unga ni mojawapo. Kote, arobaini na moja yote, pameandikwa kwamba nchi yetu iliridhia."

"Baba yangu hakuridhia."

"Naomba utazame."

Aliweka kioo chembamba juu ya meza. Ndani yake Atupele alimwona baba yake akisikiliza pendekezo: ushuru wa maziwa ya unga uondolewe wote, na badala yake wafugaji wapewe semina. Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Akavua miwani. Akakunja makaratasi yake polepole, akayalinganisha pembe, akasimama.

"Nawashukuru kwa kunikaribisha," alisema. "Bakini salama."

Akatoka. Kiti kikabaki kitupu. Mwenyekiti akatazama kushoto na kulia, akagonga nyundo. Hakuna pingamizi. Imepita.

"Kanuni ya saba," Hidaya alisema kwa sauti ya chini. "Asiyekuwepo chumbani nyundo inapogonga amekubali."

Atupele aliomba arudishiwe sehemu ile, akaitazama tena, kisha mara ya tatu.

"Hapo amekataa," alisema. "Hapo amekataa kabisa. Sijawahi kumwona akikataa kwa nguvu namna hiyo."

Hidaya hakuelewa, ikabidi asimuliwe. Atupele akiwa na miaka tisa alifuatana na baba yake kwenda kumposea baba mdogo. Wenyeji, wakiwa wamekunywa, walitaja ng'ombe ishirini ili kuwadhihaki. Baba yake hakubishana. Katika ukoo wao mtu hamwambii mwenzake hapana ndani ya nyumba yake. Aliinuka, akashukuru, akatoka. Nje mvua ilikuwa inanyesha, naye alitembea kama mtu anayehesabu mawe ya njiani.

"Baba, mbona tunakwenda polepole na tunalowa?"

"Tunawapa nafasi."

Walikuwa wamefika kwenye daraja la magogo mjomba wa binti aliyeposwa alipokuja mbio, amejifunika jani la mgomba kichwani. Akasema lile lilikuwa neno la pombe, tafadhali warudi, wazungumze saba. Kwao ndivyo mambo yalivyokwenda. Anayekataa hutoka, na anayejali humfuata, na anayemfuata huja na neno jipya mkononi.

"Na huko Ulaya alifanya hivyohivyo miaka kumi na tisa?" Hidaya aliuliza.

"Alikuwa akituhadithia. Alikuwepo mjumbe mmoja mnene, kila baba akitoka, naye alitoka na vikombe viwili vya kahawa. Waliongea kwenye korido. Wakirudi, pendekezo limebadilika. Baba alisema kazi yote ya dunia hufanyika kwenye korido."

Hidaya alikizima kile kioo. "Vivuli havina korido, dada," alisema. "Mashine za wenzetu hazimfuati mtu. Zinahesabu waliomo."

Kisha akaeleza kilichomleta. Alhamisi, saa mbili asubuhi, Baraza lingepiga nyundo juu ya kukifuta kifungu cha mwisho kilichobaki, kile kinachokilazimu kiwanda kununua maziwa mabichi ya wafugaji wa jirani. Kifungu hicho kikifutwa, wenye kiwanda walikuwa wameshasema watafunga na kuuza maziwa ya unga.

"Wekeni mtu mwingine."

"Kibali cha kivuli kipya huchukua miaka mitatu, na maombi yanapelekwa kwa Baraza hilohilo."

"Mtu hai basi. Wewe."

"Kwenye vyumba mia tatu?" Hidaya alitabasamu bila furaha. "Mafundi wetu wamepata mahali pa kukata. Tukiondoa ile tabia ya kutoka, atabaki chumbani. Akibaki, atasema. Wamejaribu kwenye nakala, akapinga vizuri sana. Ila tunahitaji kidole chako."

"Na mkikata hapo, nini kingine kitatoka nacho?"

Hidaya angeweza kudanganya. Atupele alimshukuru baadaye, moyoni, kwa kutodanganya.

"Hatujui chote. Ndani ya binadamu mambo hayakai kwenye masanduku tofauti. Ile nakala ilipinga, lakini haikumsalimia mtu yeyote."

Mvua ilianza kupiga bati. Atupele alizungusha kikombe chake mpaka chai ikapoa.

"Saa yangu ya mwaka huu sijaitumia," alisema. "Nitaitumia kesho."

*

Kibanda cha mazungumzo kilikuwa ndani ya ofisi ya posta ya Tukuyu, nyuma ya dirisha la vifurushi. Kilikuwa na kiti kimoja na kioo cha ukuta mzima. Kioo kilipowaka, chumba kikawa kama kimeongezeka urefu, na upande wa pili wa meza akaketi Mzee Mwandemele.

"Mama," alisema, kwa kuwa binti yake alibeba jina la mama yake. "Umekonda. Au ni kioo?"

"Ni kioo, baba."

"Sema kweli."

"Nimekonda kidogo."

Aliuliza maswali yake, yaleyale ya kila mwaka, kwa mpangilio uleule. Mlinizika vizuri? Tulikuzika vizuri. Mvua ilinyesha? Ilinyesha. Vizuri, hata mama yako alizikwa na mvua. Malaika anaendeleaje? Kila mwaka Atupele alikuwa amejifunza kuyajibu vizuri zaidi, na safari hii alitamani maswali yawe mengi.

"Malaika anatoa lita tisa asubuhi," alisema. "Tunazimwaga, baba."

Akamweleza yote, bila kupamba. Maamuzi arobaini na moja. Kanuni ya saba. Nyundo. Baba yake alisikiliza kama alivyosikiliza kila kitu, kidole kimoja kikiwa juu ya mdomo.

"Hakuna aliyenifuata?" aliuliza.

"Hakuna, baba."

"Hata yule bwana wa kahawa?"

"Alistaafu siku nyingi. Siku hizi hakuna korido. Ukitoka, huna unakokwenda."

"Kuna ukuta mweupe," alisema Mzee. "Nikitoka nasimama hapo. Nasubiri." Alifikiri kidogo. "Nilidhani wanachelewa tu."

Atupele alishika ukingo wa meza. Miaka minne, katika vyumba mia tatu, baba yake alikuwa amesimama kwenye ukuta mweupe akiwapa watu nafasi.

"Wanataka nikubali wakuondolee huko kutoka," alisema. "Ubaki, useme hapana mbele yao."

"Ndani ya nyumba ya mtu."

"Ndiyo, baba."

"Na kumkatiza mtu akiwa bado anaongea?"

"Nadhani. Ikibidi."

"Kwa nini usiniambie tu nisitoke? Mimi si mtoto. Ukiniambia, nitabaki."

"Saa hii itafutwa. Kesho hutakumbuka kwamba nilikuja."

"Ah," alisema Mzee. Kisha akamtazama binti yake kwa namna nyingine, kama mtu anayetazama tena picha aliyoipita. "Mara ngapi umekuja?"

"Hii ni ya nne."

"Na kila mara nakuuliza kama mlinizika vizuri?"

"Kila mara."

Alicheka kidogo, kile kicheko chake cha puani. Nje ya kibanda mtu alikuwa akigombana na karani kuhusu kifurushi kilicholowa.

"Wewe unataka nini, mama?"

"Nataka maziwa yapokelewe."

Kulikuwa na jambo jingine alilolitaka, naye hakulisema. Huenda baba yake alilijua. Alivua miwani yake. Hakukuwa na makaratasi mbele yake, lakini mikono yake ilipapasa meza, ikayakunja, ikayalinganisha pembe. Akasimama.

"Nakushukuru kwa kunikaribisha, mama," alisema. "Baki salama."

Akaenda mlangoni, akatoka.

Chini ya kioo palikuwa na kitufe kilichoandikwa Fuata. Saa ilionyesha dakika kumi na saba zimebaki. Atupele alijua baba yake amesimama wapi, na alijua anatembea vipi mtu anayetaka kufuatwa. Aliinua mkono mpaka karibu na kitufe. Lakini anayefuata huja na neno jipya, na yeye hakuwa nalo. Angefika pale ukutani na kumwambia nini? Kwamba tuseme saba? Alikuwa na neno lilelile alilokwisha kulisema, na Alhamisi ilikuwa keshokutwa.

Alikaa dakika zote kumi na saba akikitazama kiti kitupu. Kisha kioo kikazimika.

Hidaya alikuwa akimsubiri barazani na fomu. Ilikuwa fomu ya Baraza, yenye maswali machache. Je, kivuli kimearifiwa kuhusu mabadiliko? Atupele akaandika ndiyo. Je, kivuli kimetoa pingamizi?

Kalamu ilisimama hapo muda mrefu. Hidaya alitazama pembeni, kwenye mvua.

Baba yake hakuwa amesema hapana. Hakuna popote ndani ya saa ile palipotamkwa neno hapana. Alikuwa ametoka, na nyundo ilipogonga hakuwepo chumbani.

Atupele akaandika: Hapana, hakutoa. Kisha akabonyeza kidole.

*

Alhamisi saa mbili asubuhi walikitazama kikao kwenye simu ya mjukuu wa Mama Sekela, iliyosimamishwa juu ya ndoo iliyofunikwa. Mzee Mwandemele aliketi na koti lake la kijivu. Hakusafisha koo. Hakuwauliza wajumbe hali za watu wa nyumbani kwao. Pendekezo lilikuwa halijafika katikati aliposema, "Napinga," akataja kanuni, aya na tarehe, akaendelea kupinga kila kifungu kilichofuata kwa sauti ileile moja, mpaka mwenyekiti akaiweka nyundo chini. Kifungu hakikufutwa. Katika vyumba vingine siku hiyo alipinga mambo mengine sita.

Wanawake walipiga vigelegele. Mama Sekela alimshika Atupele mabega. "Ndaga, asante, mwanangu. Baba amewaonyesha. Mbona unalia? Ameshinda."

"Ni moshi, mama."

"Moshi wa nini, na jiko halijawashwa?" Lakini hakumwuliza zaidi. Alimvutia kwake, akamwacha alie kwenye khanga iliyonuka maziwa.

Kiwanda, kilichokuwa kikingoja kifungu kifutwe, kilipokea lita mia nne wiki iliyofuata, na baada ya miezi miwili kikapokea zote.

Mwaka ulipozunguka, Atupele alikwenda posta. Kioo kiliwaka. Baba yake alikuwa ameketi, makaratasi mbele yake.

"Ajenda yako ni ipi?" aliuliza.

"Sina ajenda, baba. Nimekuja kukusalimu."

"Imepokelewa."

Alisubiri aulizwe kuhusu mazishi. Akasubiri aulizwe kuhusu mvua. Alimweleza mwenyewe habari za Malaika, naye akasikiliza, akasema hana pingamizi. Dakika arobaini zilikuwa bado zimebaki, na Mzee hakuonyesha dalili ya kuinuka. Atupele ndiye aliyeinuka. Aliweka kiti mahali pake, akamshukuru kwa kumkaribisha, akamwambia abaki salama. Kwenye baraza la posta alisimama kidogo, mgongo ukutani, watu wakipita na vifurushi vyao. Kisha akaenda zake.

Kituo hufunguliwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Malaika anatoa lita tisa, na zote zinapokelewa.